Narudi kazini Mtumba mtoto akiwa na wiki 12, nifanyeje maziwa yasipungue?

mama_nkuhungu
Habari zenu wapendwa. Likizo ya uzazi inakaribia kuisha, nimebakiza wiki mbili. Mtoto ananyonya tu, hajaonja kitu kingine, na nataka afike miezi sita hivyohivyo. Nakaa Nkuhungu, Dodoma, na ofisi ipo Mji wa Serikali, Mtumba, kwa hiyo kurudi nyumbani mchana haiwezekani. Natoka saa 12:15 asubuhi, kurudi ni kama saa 10:30 jioni. Nina pampu ya mkono na friji ya mlango mmoja. Ofisini kuna friji ya wote, muda mwingi imejaa vyakula vya watu. Mtoto atabaki na dada wa kazi.

Nikamue mara ngapi? Niache mililita ngapi? Niyatunzeje kwa joto hili la Oktoba? Na kwa nini kinamama wengi hukaukiwa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi? Ya kunywa uji nimeshaambiwa sana, naomba hatua zenyewe.

mkunga_dom
Hongera kwa mtoto, mama. Nianze na swali la mwisho, maana ndilo linalobeba mengine.

Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Yakikaa ndani muda mrefu, kuna protini ndani ya maziwa yenyewe inayoliambia ziwa lipunguze kazi. Ziwa lililojaa hadi likawa gumu limeshapunguza mwendo. Ikitokea siku moja si neno. Ikiwa ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki ya tatu mtu anaona amekaukiwa ghafla, kumbe kulianza tangu siku za kwanza za kazi.

Kwa hiyo mchana usipitishe zaidi ya saa tatu hadi nne bila kunyonyesha au kukamua. Kwa ratiba yako: mnyonyeshe saa 11:30 alfajiri, pande zote mbili, hata kama bado ana usingizi. Ofisini kamua saa 3:30 na saa 6:30. Saa 9:30 kabla ya kupanda gari kamua tena kidogo kwa mkono, dakika kumi tu, kwa sababu hujui njiani utakaa muda gani. Siku ambayo kikao kimekubana, omba udhuru wa dakika kumi, tano kila upande. Ukiruka kabisa ndipo unapopoteza.

Jioni ukifika, kabla hujashika sufuria, mnyonyeshe. Usiku lala naye karibu, kwa sababu prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Watoto wengi wa mama wafanyakazi huhamishia kunyonya kwao jioni na usiku. Ndugu watasema mtoto ameharibika, anadeka. Mwacheni anyonye, yeye ndiye anayelinda maziwa yako. Jumamosi na Jumapili kikombe kikae kabatini, iwe titi tu.

Kukamua kwa mkono ujifunze hata kama una pampu. Nawa kwa sabuni, chukua kikombe cha mdomo mpana kilichochemshwa. Kanda ziwa taratibu dakika moja au mbili. Kumtazama mtoto kwenye simu au kunusa nguo yake kunasaidia maziwa kushuka. Kidole gumba juu, vidole viwili chini, nyuma ya weusi, karibu sentimita tatu kutoka kwenye chuchu. Kwanza sukuma kurudi kifuani, kisha bana vidole vikutane, achia. Sukuma, bana, achia. Mwanzoni hakitoki kitu au yanatoka matone, na wengi hukata tamaa hapo hapo. Endelea. Usiburuze vidole juu ya ngozi, utachubuka, na usibane chuchu yenyewe, pale hakuna maziwa, ni maumivu tu. Mtiririko ukipungua zungusha vidole, usisahau upande wa kwapa na wa chini, huko ndiko hubaki mabonge. Dakika tatu hadi tano upande mmoja, hamia wa pili, kisha rudia pande zote. Jumla dakika 20 hadi 30.

Kuhusu kiasi: mtoto wa mwezi mmoja hadi sita anayenyonya tu hutumia wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa saa 24, na kiwango hicho hakipandi sana anavyokua. Piga hesabu ya mililita 30 hadi 40 kwa kila saa usiyokuwepo. Kwa saa zako kumi ni 300 hadi 400. Hakuna haja ya kujaza friza. Akiba ya siku mbili inatosha, kwani unachokamua leo ndicho anachokunywa kesho. Anza sasa, mara moja kwa siku, asubuhi, nusu saa hadi saa moja baada ya kunyonya. Ukipata mililita 30 hadi 60 hapo ni kawaida kabisa, mtoto ameshachukua chake. Na ukiona matiti yamekuwa laini kuliko mwezi wa kwanza, usiogope: karibu na wiki hizo ziwa limeshazoea mahitaji, haliji tena na ule ujazo wa mwanzo.

afisa_lishe
Naongezea la dada, kwa sababu maziwa mengi "hukaukia" kwenye kikombe cha nyumbani.

Mlezi asipofundishwa, kila kilio ni njaa. Unaacha 350, zinaisha saa sita mchana, unapigiwa simu kwamba mtoto hashibi. Mama anaona hatoshelezi, ananunua maziwa ya kopo. Mtoto akishiba kopo jioni hanyonyi, na usiku hanyonyi, ziwa halitolewi, na kweli yanapungua. Kwa hiyo kaa na dada kabla hujarudi kazini. Mtoto aketishwe wima mapajani, kikombe kidogo kiguse mdomo wa chini, kiinamishwe mpaka maziwa yaguse tu midomo, mtoto alambe na kuvuta mwenyewe. Asimiminiwe, atapaliwa. Apumzishwe katikati. Mililita 60 hadi 100 kwa mlo, kisha abebwe, aongeleshwe, alazwe. Kikombe ni bora kuliko chupa kwa sababu kinaoshwa vizuri na hakimzoeshi mtoto mtiririko wa bure. Mpe mazoezi ya siku kadhaa ukiwa chumba kingine. Akikusikia au kukunusa atakataa kikombe.

Mlo wa mwisho uwe karibu saa 8:00 mchana. Akilia saa 10:00 apewe mililita 20 au 30 za kumtuliza, ili ukifika akute titi na njaa yake.

Halafu maji. Dodoma kukiwa na joto na vumbi, bibi na majirani watataka kumpa mtoto vijiko vya maji. Karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, mtoto chini ya miezi sita hahitaji ya kuongeza. Maji yanamjaza tumbo, ananyonya kidogo, na yakiwa machafu yanaleta kuharisha. Kipimo chako ni mkojo, angalau mara sita kwa siku, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki. Kilio peke yake si kipimo.

Chakula cha mama, kwa ufupi: milo miwili midogo ya ziada kwa siku, na kunywa maji kwa kiu yako. Ugali wa uwele na mlenda wa karanga unafaa sana, ila hautafidia kukamua ulikoruka.

nesi_wachanga
Utunzaji. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa mezani hadi saa nne, ila hiyo ni kwa nyuzi joto 25 au chini. Oktoba na Novemba hapa mchana unafika 30 na zaidi, kwa hiyo ofisi isiyo na kiyoyozi usiihesabu, weka kwenye baridi palepale. Friji ya wote achana nayo, inafunguliwa kila dakika. Beba deli dogo lenye chupa mbili za maji za nusu lita zilizogandishwa usiku (usizijaze hadi juu, barafu hutanuka zikapasuka). Chombo cha maziwa kikae katikati yao. Barafu ikiwa bado imeganda, maziwa hukaa salama hadi saa 24. Ya saa 6:30 usiyamimine ya moto juu ya yale ya baridi. Yapoe kwanza kwenye chombo chake, kisha changanya.

Nyumbani: kwenye friji hadi siku nne, rafu ya ndani kabisa nyuma, kamwe si mlangoni. Ile friza ndogo iliyo ndani ya friji ya mlango mmoja haigandishi vya kutosha, usivushe wiki mbili. Jaza chombo robo tatu, andika tarehe, ya zamani yatumike kwanza.

Umeme ukikatika usifungue mlango. Ukirudi, maziwa ambayo bado yana chembe za barafu yanaweza kugandishwa tena. Yaliyoyeyuka kabisa yatumike ndani ya saa 24 yakiwa kwenye baridi, hayagandishwi tena. Kupasha: chombo ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, zungusha polepole ili mafuta yaliyopanda juu yachanganyike. Yasichemke wala yasiingie maikrowevu. Yaliyobaki kwenye kikombe mtoto akishaanza kunywa, saa mbili tu, kisha yamwagwe, hata kama roho inauma.

utumishi_hapa
Upande wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inatoa likizo ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi hadi saa mbili kwa siku. Hayo ni haki yako, si hisani ya bosi. Ila sheria inasema kunyonyesha, chumba cha kukamulia haijakitaja, kwa hiyo andika barua kabla ya siku ya kwanza, useme saa unazotaka na uombe chumba chenye kufungika na koki ya maji karibu. Choo usikubali. Barua ipite kwa mkuu wako wa kitengo kwenda utumishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Kwa aliye mbali kama wewe, ningeomba saa zote mbili ziunganishwe mwisho wa siku. Ukitoka saa 7:30 mchana utakuwa nyumbani kabla ya saa tisa, unabaki na kukamua mara moja au mbili, na mtoto ananyonya mwenyewe. Vilevile uliza kama likizo yako ya mwaka, siku 28, haijatumika. Ikiunganishwa kwa makubaliano unafika wiki 16.

mama_nkuhungu
Asanteni mno, nimeandika yote. Mawili bado. Pampu imeanza kuvuta kidogo wakati mkono unatoa vizuri tu. Pia maziwa niliyoweka kwenye friji jana yananuka kama sabuni, je yameharibika?

vifaa_watoto_majengo
Dada, mkono ukitoa na pampu isitoe, tatizo ni pampu. Tazama kwanza ile vali laini yenye mdomo kama wa bata. Ishike kwenye mwanga, uiminye pembeni: mdomo ukibaki wazi au una mpasuko mdogo kama unywele, hewa inapita na mvuto umeisha. Huharibiwa zaidi na kusuguliwa ndani kwa brashi, kwa hiyo ioshe kwa vidole. Kwa mtu anayekamua kila siku, ibadilishwe kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Nunua mbili, moja ikae kwenye begi. Kisha angalia ule mpira wa duara unaovutwa na mpini, ukae sawasawa kwenye kingo.

Kama hivyo ni vizima, pima faneli, ile sehemu pana inayokaa juu ya titi. Chukua rula, pima upana wa chuchu kwenye shina lake kwa milimita, bila weusi, halafu ongeza milimita moja hadi nne. Faneli ya kwenye boksi mara nyingi ni 24 au zaidi, na wengi ni kubwa kwao. Ikiwa kubwa, weusi unavutwa ndani na unabaki na mabonge. Ikiwa ndogo, chuchu inasugua kuta na kutoka nyeupe. Mwendo nao: anza kwa minyo mifupi ya harakaharaka mpaka yaanze kushuka, kisha vuta polepole na kwa kina.

nesi_wachanga
Harufu ya sabuni si uharibifu. Ni kimeng'enya kinachovunja mafuta, kwa baadhi ya kinamama kina kasi zaidi. Yaliyoharibika hunuka uchachu. Mtoto akiyanywa, mpe tu. Akiyakataa, kuanzia sasa yapashe yakiwa bado mabichi mpaka vipovu vidogo vitokee pembeni mwa sufuria, kabla hayajachemka, yapoze haraka ndani ya maji ya baridi, ndipo uhifadhi.

kisasa_mama_pacha
Naomba kuuliza hapohapo: mpango wa uzazi hauathiri maziwa? Nimetegemea kunyonyesha tu.

mkunga_dom
Kutegemea kunyonyesha kunafanya kazi mtoto akiwa chini ya miezi sita, hedhi haijarudi, na pengo la kunyonya lisizidi saa nne mchana na sita usiku. Ukirudi kazini kinga hiyo imelegea, hata ukikamua. Kabla ya siku ya kwanza ya kazi pita kliniki. Vidonge vyenye homoni mbili tunaviepuka hadi mtoto afike miezi sita, estrojeni hupunguza maziwa. Sindano, kijiti, vidonge vya homoni moja na kitanzi cha shaba vinaruhusiwa.

Na dawa za mafua: msimu huu wa vumbi watu hununua tu dukani. Soma boksi, yenye pseudoephedrine iache, inapunguza maziwa. Bonge likiuma, nyonyesha kama kawaida, weka kitambaa cha baridi, usilikande kwa nguvu. Homa ikivuka siku moja au wekundu ukienea, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiache kunyonyesha upande huo.