Naomba ushauri: SLK R171 au R172?
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nataka kuchukua Mercedes-Benz SLK iliyotumika ila nimekwama kwenye toleo. R170 ya 1996 ndo ilikuja na lile paa la chuma linalojikunja lenyewe na kuzama kwenye buti, naipenda sana ila umri umeenda. R171 ya 2004 ikaongeza Airscarf, siti inakupulizia hewa ya moto shingoni yaani unafungua paa hata kwenye baridi. R172 ya 2011 nyingine zina paa la kioo, unabonyeza swichi linakuwa jeusi. 2016 ikaitwa SLC. Moyo wangu uko R171 kwa kweli, nachohofia ni haidroliki za paa (mfumo wa mafuta unaolisukuma) kuvuja na mipira ya kuziba paa kupitisha maji. Mliowahi kuimiliki, nianze kukagua wapi?