MREJESHO: Kowalska na Kowalski ni ukoo mmoja?

Wakuu, niliuliza kama Mtakatifu Faustina Kowalska (mtawa wa Kikatoliki wa Poland) ana undugu na akina Kowalski wa Chicago. Asanteni, nimeelewa: ni jina lilelile. Kipolandi hubadilisha mwisho wa jina kwa mwanamke (-ski huwa -ska), ndiyo maana babake Faustina aliitwa Stanisław Kowalski. Asili ya jina ni "kowal", yaani mhunzi (ingawa mzee huyo alikuwa seremala!). Wahunzi walikuwa kila kijiji, basi undugu wa damu tusiulazimishe.

Ujerumani akina Kowalski wamejaa bonde la Ruhr, wazao wa wachimba makaa ya mawe Wapolandi wa karne ya 19. Marekani wanawake wengi hubaki Kowalski tu. Wengine wakaandika Kowalsky. Hilo la "y" ndilo lililonichanganya tangu mwanzo.