Waliofika mbuga ya Tsavo Magharibi, Kenya: tupeane uzoefu

Kijana wa Voi: Nimeona picha ya lava ya Shetani, yale mawe meusi ya volkeno, kwa simu ya jirani, mwili ukanisisimka kwa yaliyotupata pale. Mawe yale yana meno! Tulikuwa tumepita lango la Chyulu tukielekea Amboseli, gari la kukodi, jua la saa nane. Tairi likapasuka. Dereva akatoa spea, haina upepo hata kidogo. Mwenye gari alituapia kwamba kila kitu kiko sawa. Pale hakuna mti wa maana, lava nyeusi mbele na nyuma, joto linapanda kutoka chini. Watoto wanalia wanataka kushuka. Ndipo ndovu wakatokea vichakani.

Mama Taveta: Pole mwanangu. Mimi la kwangu ni chemchemi ya Mzima, humo humo mbugani. Teremka kile chumba cha chini ya maji uone samaki kupitia kioo. Maji safi kabisa! Mvua ya vilima vya Chyulu inazama kwenye majivu na mawe ya volkeno, inachujwa chini kwa chini mpaka inafumuka pale.

Mkazi wa Mtito: Yanafumuka kisha yanaingia bomba la Mombasa. Sisi tunaoishi na bomba hilo tunanunua maji kwa madumu, na ndovu wanakula mahindi yetu.

Pwani Asilia: Ndugu, Mombasa nako mifereji inakauka wiki nzima. Usituonee.

Mkazi wa Mtito: Nyinyi mna mifereji ya kukauka. Sisi hatuna hata huo.

Binti Askari: Jamani, ndovu wa huyu kijana wamefanya nini?

Kijana wa Voi: Walikuwa wekundu kwa udongo, mama mbele na ndama ubavuni. Akasimama karibu na boneti, akatandaza masikio, akatikisa kichwa. Nikamziba mdogo wangu mdomo kwa kiganja. Dereva midomo inamcheza, nadhani alikuwa anasali. Yule mama akavuta hewa kwa mkonga, akang'oa tawi, akatafuna huku anatutazama. Kisha akawaongoza wenzake wakavuka. Askari wa wanyamapori, wale wa KWS, walitukuta magharibi imeingia.

Mzee Kasigau: Mungu mkubwa.

Binti Askari: Marehemu baba alilinda mbuga hiyo miaka ya 80. Alikuwa akirudi nyumbani hali chakula, kwa mizoga aliyoiona, ndovu wamekatwa uso mzima na majangili wa pembe. Faru waliokuwa maelfu wakabaki wa kuhesabu, ndiyo maana wakazungushiwa ua kwenye hifadhi ya Ngulia, ndani ya mbuga. Sensa ya 2017 ilipata ndovu zaidi ya 12,000 Tsavo na mbuga jirani ya Mkomazi, Tanzania, pamoja. Natamani angeishi aisikie hesabu hiyo. Kwa hiyo kijana, yule mama na ndama wake wana watu waliowalipia kwa damu.

Kijana wa Voi: Dada, asante. Hilo sikulijua.

Mama Taveta: Beba spea mbili, na uzipige upepo mwenyewe.

Pwani Asilia: Spea za nini? Panda gari la watalii, ulale usingizi.

Mzee Kasigau: Ukilala utaona nini? Na faru wa Ngulia nenda jioni, mchana wamejificha.

Mgeni Kibwezi: Na kreta ya Chaimu, kile kilima cha volkeno, inapandika na watoto?

Mkazi wa Mtito: Inapandika asubuhi. Kokoto zake nyeusi zinateleza, wavae viatu vya kufunga, na uliza kwanza langoni kama kuna askari wa kuwasindikiza.