Mama ameambiwa ang'oe meno yote awekewe ya bandia, nikubali? Msaada wa haraka

Jembe_Butu: Wakuu habari za wakati huu. Naomba ushauri wa haraka maana keshokutwa ndio siku yenyewe. Mama yangu ana miaka 71, yamebaki meno tisa na yote yanacheza, fizi zinatoka damu, mdomo unanuka, sasa mtaalamu kasema dawa ni kung'oa yote kwa mkupuo. Swali langu ni moja, nimchukulie ya bandia ya kuvua au yale ya kupigiliwa kwenye mfupa? Matusi sitaki nimechoka.

Mzee_Kobe: Ya kuvua. Ninayo miaka mingi na natafuna kila kitu. Muhimu usiku avue, ayapige mswaki, ayaweke kwenye maji safi. Jirani yangu alikuwa analala nayo, kaakaa likawa jekundu lote, kumbe fangasi. Na asiyaoshe kwa maji ya moto, yanapinda.

Nyota_Njema: Ndio tabia zetu hizi, mzazi anaachwa mpaka meno yanacheza halafu mtu anakuja na "haraka keshokutwa". Fizi haziharibiki usiku mmoja bwana. Ile damu ya kwanza kwenye mswaki ndio kengele, hapo ukisafisha vizuri na kutolewa ukoga fizi zinapona kabisa, ukingoja mpaka mfupa ule unaoshika jino uliwe, haurudi wenyewe. Mlikuwa wapi?

MamaPacha: Mimi zilinitoka damu nikiwa mjamzito mpaka naogopa mswaki, shoga yangu akaniambia ndio kawaida kila mtoto anaondoka na jino la mama yake. Daktari akacheka, mtoto hanyonyi madini kwenye meno yako, ni homoni zinafanya fizi zivimbe hata kwa uchafu kidogo, kwa hiyo piga mswaki zaidi sio kuacha. Na ukitapika sukutua na maji kwanza usikimbilie mswaki hapo hapo, ile asidi inalainisha jino. Sasa hao pacha wana miaka 6, gego limeota nyuma kabisa na hakuna jino lililotoka, baba yao anasema la utoto hilo hata likioza litang'oka. Baba watoto hilo ni la kudumu, ndio hilo hilo mpaka uzee!!

Gego_la_Mwisho: Nipo kliniki ya meno. Mleta mada, kabla ya bandia, mama ana sukari? Anatumia dawa gani?

Jembe_Butu: Sukari hana. Presha kidogo, na dawa za kawaida za wazee. Turudi kwenye swali wakuu.

Gego_la_Mwisho: Za kawaida ndio zipi? Hata za presha zipo zinazokausha mate, na mdomo mkavu meno yanaoza pale chini karibu na fizi. Taja zote.

Bwana_Kicheko: Dawa za kawaida za wazee ni wajukuu na redio 😂

Jembe_Butu: Haya. Kuna sindano anachomwa kila miezi 6, alivunjika nyonga wakasema mifupa imekuwa dhaifu. Ila hiyo ni ya mifupa haihusiani na meno ndio maana sikuandika. Na mtaalamu hakuuliza.

Gego_la_Mwisho: Kwani meno yamesimama kwenye nini kaka? Taya ni mfupa. Dawa za namna hiyo zinapunguza kasi ya mfupa kujijenga upya, ukishang'oa kidonda kinaweza kisifunge, mfupa ukabaki wazi na kufa pale pale. Hiyo ya kupigilia ndio inatoboa mfupa wenyewe. Anayeng'oa LAZIMA ajue, aongee na aliyeandika sindano, wapange siku. Na hiyo sindano msiiache wenyewe, ikicheleweshwa pingili za mgongo zinaweza kuvunjika.

Jembe_Butu: Nimekuelewa ila advansi nimeshatoa na hairudi, ndugu walichanga. Halafu nimesoma wengi wanang'oa na hawapati shida.

Gego_la_Mwisho: Kweli, wanaopata ni wachache. Ila akipata sio kidonda cha wiki mbili. Unampeleka akang'olewe yote tisa bila mtu kujua anachomwa nini, kwa sababu ya advansi?

Fundi_Saa: Wakuu mnapigwa kamba hapa, hii ni CHAI. Huyu huyu mwezi uliopita alifungua uzi "mama hana jino hata moja, gundi ipi inashika bandia". Binadamu anaota awamu mbili, 20 ya utoto na 32 ya ukubwani, mama wa Jembe ndio kaanza ya tatu?

Bwana_Kicheko: Chai imeiva, lete vikombe 😂😂

Jembe_Butu: Yule ni mama mkwe!! Mtu hawezi kuwa na mama wawili?

Nyota_Njema: Mkwe umemtafutia gundi, mama mzazi umemwacha mpaka yanacheza. Sawa.

Fundi_Saa: Mimi bado nasema chai.

MamaPacha: Chai au sio chai, mama yangu naye anachomwa sindano ya mifupa na wiki ijayo anang'oa gego. Nampigia sasa hivi.

Jembe_Butu: Nimewapigia. Wamesema hawagusi, nilete kadi ya hospitali kwanza, kwa sasa watamtoa ukoga tu na kupiga picha ya taya waone kama kuna yanayoweza kubaki. Advansi wataihamishia huko. Fundi Saa kadi nitaiweka hapa nikificha jina.

Fundi_Saa: Weka.

Kijana_Mpole: Sijasoma comment zote, ila mwambie bimkubwa asugue na mkaa asubuhi na jioni, meno yanakaza.

Gego_la_Mwisho: Mkaa unakwangua jino tu, haukazi kitu. Rudi ukurasa wa kwanza usome.