Tupeane uzoefu: Msasa wa kitambulisho na hamu ya vijana ya siasa

Ndugu wanachama, naomba tuelezane jinsi kubaguliwa wakati wa kuomba kitambulisho kulivyotusogeza karibu na siasa au kututoa humo kabisa. Kifungu cha 12 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata hati za usajili, na cha 27 kinakataza ubaguzi wa kabila na dini. Hata hivyo, kwa miaka mingi kijana wa Kinubi, wa Kisomali au Mwislamu wa Pwani amefikishwa mbele ya kamati ya msasa, yaani ya kuchunguza kama kweli ni Mkenya, kuulizwa ukoo wa babu yake, ilhali aliyesoma naye darasa moja humaliza shughuli kwa chifu. Asiye na kitambulisho wala pasipoti haandikishwi kupiga kura, kwa hiyo suala hili limeshikana na siasa tangu mlangoni.

Mchangiaji wa Kibera: Mimi ni Mnubi, na babu wa baba yangu alikuwa askari aliyeletwa kutoka Sudan katika jeshi la mkoloni. Mzee mmoja wa kamati aliniuliza kwa nini jina langu halina kijiji, nami sikuwa na jibu kwa sababu kijiji changu ni hapo hapo Kibera. Nilitoka nikiwa na hasira, lakini wazee wetu hawakuniacha nayo peke yangu. Walinieleza kwamba mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi. Kabla ya hapo nilidhani siasa ni magari yenye vipaza sauti na fulana za bure. Tangu siku hiyo nikaanza kuhudhuria mikutano, na uchaguzi uliofuata nilikuwa wakala wa chama kituoni.

Mchangiaji wa Kilifi: Kwetu Wapemba, wenye asili ya kisiwa cha Pemba, haki ilichelewa zaidi, kwani tulitambuliwa rasmi kuwa Wakenya 2023. Tulikuwa tumewaona Wamakonde, wenye asili ya Msumbiji, wakitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi 2016 kudai uraia, wakaupata. Kura yangu ya kwanza ni ya 2027, na sitampa mtu kwa sababu ya leso na unga.

Mwanzilishi wa mada: Nyote wawili mlikuta watu waliokwisha kupambana na wakashinda jambo. Naona hilo lina uzito kuliko ukubwa wa dhuluma yenyewe, ingawa ningependa kusikia aliyeona kinyume.

Mchangiaji wa Eastleigh: Mimi ndiye kinyume. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, msako wa polisi dhidi ya ugaidi uliowakumba sana Wasomali, ndugu yangu alizuiliwa uwanjani Kasarani akiwa na kitambulisho halali mfukoni. Kama hati haikumsaidia yeye, sikuona kura ingenisaidia nini mimi, na hadi leo sijajiandikisha. Msiseme, hata hivyo, kwamba siasa hainihusu. Juni 2024 niliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na katika umati ule hakuna aliyeniuliza kabila. Wanaohesabu hamu ya vijana kwa daftari la wapiga kura peke yake hawatuoni watu kama mimi.

Mchangiaji wa Garissa: Msasa wa ziada kwa kaunti zetu ulitangazwa kuondolewa Februari 2025, nasi tulishangilia. Tatizo langu halikuwa hilo. Wakati wa ukame mama aliniandikisha katika kambi ya Dadaab pamoja na wakimbizi ili tupate chakula, na alama za vidole vyangu zikabaki katika orodha yao, kwa hiyo kila nikiomba kitambulisho huambiwa mimi si Mkenya. Kura sina, lakini hakuna mgombea anayepita mtaani kwetu bila kuulizwa na mimi atafanya nini kuhusu orodha ile, na wengi huhamia haraka kwenye swali la mwingine.