Kiwanja cha ufukweni Ushongo: nitajuaje kama bahari haitakifikia?

Mwana_Korogwe: Wakuu, salaam. Nimeonyeshwa kiwanja Ushongo, kusini ya Pangani, kinatazama bahari. Nataka kumjengea mama nyumba akae akistaafu. Dalali anaapa maji hayajawahi kufika pale. Lakini nimeona minazi miwili mizizi iko nje, na mmoja umelala mchangani. Hatari hii naipimaje kabla sijatoa hela?

Binti_Mvuvi: Mkuu, mimi mzaliwa wa huko, marehemu baba alikuwa anavua. Ulikwenda siku gani? Kama yalikuwa maji mafu, yaani siku bahari haipandi sana, hukuona kitu. Rudi wakati wa bamvua, maji yanapojaa kuliko siku zote, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hasa Machi au Septemba. Tafuta mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu na makumbi ya nazi: bahari imefika hapo. Kisha mwite fundi na mpira wake wa maji, apime kutoka mstari huo hadi usawa wa msingi wako. Isipofika mita moja na nusu, mimi mama yangu simweki.

Wataalamu wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, wanasema bahari duniani ilipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi imeongezeka. Hadi 2100 inaweza kupanda kati ya sentimita 28 na mita 1 hivi, kutegemea hewa chafu tutakayoendelea kuitoa. Usizidharau sentimita hizo. Zinakuja juu ya bamvua na juu ya mawimbi ya kusi, na ufukwe wetu ni tambarare.

Minazi hiyo ndiyo shahidi wako. Hakuna anayepanda mnazi mizizi ikiwa nje. Mwulize mwenye kiwanja minazi ilipandwa lini na ufukwe wakati huo ulikuwa wapi.

Halafu tazama baharini, kilipo Maziwe. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje, kasa wakitaga. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakikuwa na miti tena. Leo ni fungu linalozama maji yakijaa, na mayai ya kasa huhamishiwa Ushongo. Kwa hiyo usiulize kupanda kwa bahari tu, uliza pia nani anakata miti na nani anachota mchanga.

Mpima_Ardhi: Naongezea: Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pima mwenyewe, usimtegemee dalali.

Mwana_Korogwe: Nikijenga ukuta je?

Binti_Mvuvi: Ukuta wa mtu mmoja unamhamishia jirani tatizo. Wimbi likiupiga linarudi na mchanga wa mbele yako, na pembeni linakula zaidi. Nenda Kunduchi, Dar es Salaam, ukaone mawe na kuta zilizowekwa kuokoa mahoteli. Hoteli ya Africana bahari iliila, jina limebaki kwenye kituo cha daladala. Na huko mchanga wa mitoni ulichimbwa kwa miaka, ufukwe ukakosa cha kujijazia.

Jingine: onja maji ya visima vya majirani mwishoni mwa kiangazi. Chumvi huingia chini kwa chini kabla wimbi halijafika mlangoni.

Mwana_Korogwe: Asante sana, dada. Fundi ninaye. Dalali nimemwambia asubiri mwezi uandame.

Binti_Mvuvi: Sawa. Akikuharakisha, tafuta kiwanja nyuma ya barabara, mama atembee kidogo kwenda ufukweni.