Naomba ushauri: mama ana kisukari, kang'olewa gego, ale nini?

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu kang'olewa gego la chini jana, na suala la chakula linanipa mawazo kwa sababu ana kisukari.

Daktari alisema kwa saa 24 za mwanzo asisukutue kwa nguvu, asinywe kwa mrija wala asile vya moto, ili damu iliyoganda kwenye shimo la jino isitoke. Ikitoka, mfupa unabaki wazi, na maumivu yake ni makali sana. Hayo tumeyazingatia.

Shida ni kwamba kila anayekuja kumjulia hali anashauri uji wa sukari na juisi ya embe. Nawashukuru kwa upendo, lakini sukari ikipanda kidonda nacho kinachelewa kupona. Kumwacha na njaa pia siwezi, anameza dawa za kisukari asubuhi na jioni, na sukari ikishuka ghafla ni hatari. Leo kala mtindi usio na sukari na yai nililoliponda. Mchana nikampa mtori ulio vuguvugu, kala vijiko vichache akasukuma bakuli: nyuzi za nyama zinakimbilia upande wa kidonda.

Waliowahi kuuguza mgonjwa kama huyu, mlimpa nini laini cha kumshibisha? Uji wa ulezi usio na sukari unafaa, au chenga zake zitaingia shimoni? Na ugali alirudia baada ya muda gani?